Maneno ya Gesti Yaliyokwenda kwa Fundi Majeneza

Mpendwa Mama Jubilate, naomba msaada, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mbili, naishi Kyela mjini, zamani nilikuwa karani wa ushirika, tulipopunguzwa nikabaki na mashine ya taipu na mdomo wangu, na kwa kuwa siku hizi kila mtu amefungua biashara nikaanza kuwatungia watu maneno ya matangazo, ya redioni, ya vipeperushi, ya kuchorwa ukutani, na watu wanayapenda, ila nina ugonjwa mmoja, mteja akiniuliza lini, mimi hujibu keshokutwa kabla hajafunga mdomo, maana naogopa akisikia wiki mbili atakwenda kwa mwingine.

Mwezi uliopita Mama Keziya, aliyefungua gesti karibu na stendi, na Mzee Hezroni, fundi majeneza wa Ipyana, wote niliwaahidi Jumatano, na Jumatano asubuhi ilinikuta sijaandika hata neno, basi nikatunga matangazo yote mawili kwa pupa huku Ezra mchoraji akinisubiri mlangoni na rangi zake, nikampa bahasha mbili, majina nimeyakosea. Ezra akachora alichokikuta. Ukuta wa gesti ukasomeka, "Lala kwa amani, tutakusitiri kwa heshima," na karakana ya majeneza ikasomeka, "Karibu tena, uje na familia yote."

Wafanyabiashara kutoka Malawi walisoma ule ukuta wa gesti, wakatazamana, wakaenda kulala kwa ndugu zao. Mama Keziya alinisema sana lakini mwisho akacheka. Tatizo ni Ipyana, maana Mzee Andongwisye wa Talatala alikuja kuchukua jeneza la mkewe, akasimama, akasoma, akauliza taratibu, "Hezroni, familia yote ni akina nani? Nimebakiwa na binti mmoja." Hezroni akachukua chokaa akayafuta mwenyewe. Hajaniambia neno baya, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Sasa Bwana Godlove wa Ndandalo anafungua mashine ya kukoboa mpunga, anataka matangazo ya redio na vipeperushi, nami nimeshasema tarehe tano mwezi ujao, wakati kwa kazi nilizonazo siwezi kabla ya tarehe ishirini. Mke wangu Stella anasema nikaseme ukweli. Mimi nafikiria kusema shangazi yangu amefariki, ingawa ni mzima kabisa. Nifanyeje?

Mimi Keshokutwa, Kyela

Ndugu Keshokutwa,

Nimecheka, nisamehe. Nilipofika kwa Mzee Andongwisye nikaiweka barua yako chini.

Mwache shangazi yako aishi. Hapo kwenu msiba haufichiki: Godlove atakuja na mkungu wa ndizi na kwaya nzima, na shangazi ndiye atakayewafungulia mlango. Tena jeneza ungeliagiza kwa nani?

Unaogopa mteja atakwenda kwa mwingine. Mwingine yupi? Umenitajia mchoraji mmoja na mtunzi mmoja, na mtunzi ni wewe. Si wateja unaowaogopa, mwanangu, unaogopa kuona uso wa mtu ukinuna kwa dakika moja, na ili kuikwepa dakika hiyo umemvuruga mfiwa kwenye msiba wake.

Nenda Ndandalo kwa miguu yako, usimtume Stella. Sema, "Bwana Godlove, tarehe tano niliitaja kwa pupa. Kazi yako itakuwa tayari tarehe ishirini." Kisha nyamaza. Kimya kitakuwasha, usikijaze na punguzo la bei. Akikataa, mshukuru, uondoke. Na kuanzia leo mtu akikuuliza lini, mjibu, "Nipe mpaka jioni nitazame kazi nilizonazo." Siku utakayoona inatosha, ongeza tatu, ndipo uitaje. Na bahasha uifungue tena kabla haijatoka mkononi mwako.

Ukitoka Ndandalo, pitia Talatala. Usimweleze Mzee Andongwisye habari za Jumatano wala za haraka, mfiwa hana haja na ratiba yako. Mwambie maneno yale ni yako, si ya Hezroni. Kisha kaa hapo nyumbani kwake mpaka yeye mwenyewe akuruhusu kuondoka.

Mama Jubilate