Mgongo Hauna Nuksi

Bamenda, Jumatano

Dada yangu Bih, uliyenitangulia kutoka tumboni na hujaacha kunikumbusha,

Pokea salamu zangu, na umfikishie shemeji zake. U hali gani, na huyo uliyembeba bado anakupiga mateke? Huku tuko. Nasema tuko kwa sababu siku hizi ndiyo salamu ya mji mzima: watu hawaulizani hali, wanaulizana kama wapo. Barua hii inakuja kwa mkono wa Pa Tse dereva, maana mtandao umezimwa tena na simu ya nyumbani Mama anashinda nayo. Habari yenyewe ni ya Mama. Isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na tafadhali usipige kelele.

Utakuwa umesikia kwamba wale vijana wa soko la vyakula walikamatwa kwa kugoma kulipa ushuru mpya. Mama zao walipowapelekea chakula kituoni walirudishwa na sufuria zao. Ikasemwa watahamishiwa mji mkuu, na unajua wanaohamishiwa huko hurudi lini. Hapo ndipo wazee wa kike wakaamua kutoka. Si maandamano ya mabango, Bih. Ni yale ya akina mama waliokwisha koma kuzaa, yale ambayo yalipopita Bibi alituingiza ndani akafunga madirisha.

Kazi yangu unaijua. Tangu matatizo haya yaanze nimechora kila maandamano ya mji huu, nimesimama katikati ya watu, karatasi juu ya ubao, nikiwachora wakiwa bado wanakimbia. Kamera huvunjwa, mwenye kalamu huonekana mwehu tu, akaachwa. Lakini haya hakuna mwanamume aliyewahi kuyachora, kwa kuwa mwanamume akiwatazama mama wale wakiwa wamevua vitenge, nuksi itamwandama yeye na kizazi chake. Nikamwomba Mama ruhusa. Alicheka, akaniuliza kama macho nimeyachoka. Kisha akasema nikitaka nitembee nyuma yao. "Mgongo hauna nuksi," akasema. "Tuchore migongo, na uwachore hao watakaotutazama usoni. Tuone nani atatoka vibaya." Ma Akwen, kiongozi wao, alikubali kwa shingo upande, akaniahidi kwamba nikithubutu kuzunguka mbele atanikalia yeye mwenyewe. Na uzito wake unaujua.

Jumatatu tukatoka. Walishika matawi ya amani mkononi, kimya, hakuna wimbo. Nimechora katikati ya moshi wa mabomu ya machozi, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ukimya ule. Milango ilikuwa ikifungwa mbele yetu, nyumba hadi nyumba. Nilichora nikitembea, mistari ikirukaruka. Niliona kwamba Mama ameshika tawi kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto ameubana ubavuni kama mtu aliyeficha yai kwapani. Nikauchora hivyo hivyo. Nilidhani ni baridi.

Mlangoni pa kituo askari walikuwa wamejipanga. Kamanda wao, mtu wa mbali asiyejua mila zetu, aliwaamuru akina mama warudi, la sivyo atafyatua. Hakuna aliyerudi. Akarudia. Askari mmoja kijana, mwenye masharubu ya kuungaunga, nilimsikia akimnong'oneza mwenzake, "Mwambie huyu mkubwa wetu asitutafutie balaa. Mimi mama yangu ni wa huku huku." Kamanda akakoki bunduki mwenyewe, na mtutu ukaelekea kifuani kwa Mama. Hapo Ma Akwen akalaza tawi lake chini, akafungua kitenge, na wote wakafungua.

Usiombe kuona watu wazima wakiogopa namna ile. Askari waligeukia ukuta, wengine wakajifunika macho kwa kofia, mmoja aliitupa bunduki akajificha nyuma ya mwenzake. Kamanda alibaki akiwafokea wageuke, mpaka alipojikuta anafoka peke yake. Naye akainamisha kichwa, akaingia ndani. Lango likafunguliwa, na vijana wakaanza kutolewa mmoja mmoja, mashati wamejifunika vichwani wasiwaone mama zao. Wote wametoka, Bih. Hata Awah wa jirani yuko kwao, anakula kama aliyezaliwa jana.

Nilipokuwa naondoka yule mwenye masharubu alininyang'anya karatasi zangu, akauliza nimechora nini. Nikamwambia nimewachora wao, na akina mama. Alizishika kwa ncha za vidole, hakuzifunua, akanirudishia. "Ondoka na mikosi yako," akaniambia. Mimi mwenyewe nilikuwa na hofu kuliko yeye, na sababu ndiyo hii.

Vijana walipokuwa wanatoka, mama mmoja aliteleza akaanguka karibu na miguu yangu. Mama akageuka kumwinua kabla hajajifunga kitenge. Nilipaswa kufumba macho. Lakini mkono wangu hauna adabu, umezoea kuchora kabla sijaamua. Titi la kushoto la Mama lina kidonda, kikubwa kama kiganja, amekibandika majani, na ngozi inayokizunguka imevutwa ndani. Kwapani pamevimba. Hakujua kwamba nimeona. Ilikuwa ni kupepesa jicho tu, ila ndivyo ninavyopata riziki yangu, na nilichokiona nakijua. Ndiyo maana siku hizi anaoga komeo limefungwa. Ndiyo maana fufu ananiachia mimi nisonge.

Siwezi kumwambia. Nikisema najua, nimekiri kwamba nilitazama. Na ikivuja kwamba mwanamume alitazama na bado anakula na kulala, siku nyingine wale askari hawatageukia ukuta. Watafyatua. Jana alitaka kuona michoro, nami ile karatasi nilikuwa nimekwisha iondoa. Aliwatambua wenzake wote kwa migongo, akamcheka kamanda mpaka machozi. Kisha akauliza kama ni yote. Nikasema ni yote. Akanishika shavu, akasema kweli alizaa mtoto mwenye adabu. Afadhali angenipiga kofi. Kama nuksi ipo, Bih, basi ndiyo hii, na imenipata.

Nakuomba hivi. Kwa ajili yake mwenyewe Mama hataenda hospitali. Kila siku ana mtoto wa mtu wa kumtoa kifungoni. Kwa ajili yako atapanda basi kesho. Mpigie simu, mwambie mimba inakusumbua, unamtaka haraka. Najua si vizuri kumsingizia ugonjwa mtoto ambaye hajazaliwa; kama kuna ubaya, uwe juu yangu. Akifika, oga naye, msugue mgongo, halafu mgeuze. Wewe ni binti yake. Mimi niliona kwa wizi, wewe ukaone kwa haki yako, na siku hiyo hiyo umpeleke kwa daktari, hata kwa kumburuta. Mchoro nimeukunja humu ndani asije akakudanganya kwamba ni jipu. Ukimaliza uuchome. Mimi nilijaribu, nikashindwa kumtia Mama moto.

Nisalimie wote hapo Douala. Mama ameingia sasa hivi, ameona naandika, akauliza kama ni kwako. Anakusalimu sana, wewe na tumbo lako. Amesema nisisahau kukuandikia kwamba yeye ni mzima kabisa.

Ni mimi pacha wako,
Achiri