Meza Mbili Mbele ya Posta

Jumatatu, 5 Novemba 1956

Wateja wawili tu wa kuandikiwa barua leo. Wawili! Mimi Mwinyijuma, niliyetumikia meli miaka saba, niliyekula samaki Bombay, niliyegombana na polisi wa Durban kwa Kiingereza chake mwenyewe mpaka akachoka yeye. Meza ya pili, hatua sita kutoka yangu, watu wamejipanga mpaka chini ya mti wa mkungu. Meza ya Kristofa. Msambaa wa Lushoto, miaka ishirini na minne, darasa la kumi, suruali ina mkunjo unaoweza kukata mkate.

Asubuhi kanikuta naongea na Mboni muuza vitumbua. Akaniamkia: shikamoo, mzee. Mzee! Nina arobaini na moja. Mboni akachekea ndani ya khanga. Nikaitika marahaba – ningefanyaje?

Jumanne, 6 Novemba

Nimeichunguza kazi yake huku nikijifanya nafukuza nzi. Kwanza anaandika kwa penseli. Halafu anasoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, neno moja moja, kama mtu anayetafuta chawa. Anafungua kamusi. Ana daftari dogo la makosa yake mwenyewe, na kila barua lazima ipite humo kabla ya kunakiliwa kwa wino. Barua moja nusu saa – mimi ningekwishaandika tano.

Tena akimaliza anamsomea mteja kilichoandikwa, kilekile. Sisi wa zamani hatufanyi hivyo. Tunamsomea mtu yale aliyotaka kusema, kwa Kiswahili kizuri, kwa madaha. Analia, anashukuru, anakwenda zake. Kilichomo karatasini ni siri ya Mwingereza na Mola wake.

Asheri wa shamba la mkonge, mteja wangu tangu mwaka wa hamsini na moja, kapita macho chini, kaenda kukaa kule. Nikamwambia kwa sauti anisalimie Bibiana mkewe, niliyemwandikia barua miaka yote hiyo. Akajikwaa.

Alhamisi, 8 Novemba

Siku mbaya. Naandika yote nisije nikajidanganya kesho.

Mboni kaja na bahasha. Bintiye, Chiku, kapata nafasi shule ya bweni, lakini alikosa masomo muhula mzima akimuuguza bibi yake Pangani. Mkuu wa shule, bibi wa Kizungu, akataka maelezo kwa Kiingereza. Mwezi uliopita nikayaandika mimi. Kurasa mbili! Nikatia maneno marefu niliyoyaokota kwa nahodha. Majibu ndiyo haya: barua haikufahamika. Hajui mgonjwa ni nani, mtoto au bibi, wala aliyekufa ni yupi. Aandikiwe upya, ifike kabla ya tarehe kumi na tano, la sivyo nafasi apewe msichana mwingine.

Nikamwuliza nani kakusomea. Akatazama meza ya pili.

Kwa hiyo kaanzia kwa yule! Nikauliza kama alimsomea mbele ya watu wote. Akasema la, walijitenga kando kidogo. Kando! Hilo ndilo lililoniunguza. Afadhali angenitangaza sokoni.

Nikamwambia basi na akuandikie huyo bwana kamusi. Mboni kaifunga bahasha kwenye pindo la khanga, kisha kaifungua tena, kaiweka mezani kwangu.

"Mwinyi, wewe unamjua mama yangu. Umekula kwake. Nataka uandike wewe. Lakini safari hii nataka ifahamike."

Nikasema haya.

Ijumaa, 9 Novemba

Sikufungua meza asubuhi. Nimeandika barua ya Mboni mara nne, kwa penseli, nikasoma kutoka mwisho kama yule. Aibu iliyoje! Herufi kubwa nimezimwaga kila mahali, eti heshima. Mambo ya mwaka jana nimeyaandika kama yanakuja kesho. Sentensi moja inakwenda ukurasa mzima bila nukta, gari moshi lisilo na stesheni. Na lile neno lao la kupokea – i na e, ipi itangulie? Nimeliandika mara tatu, kila mara sura nyingine.

Nikaanza daftari langu la makosa. Kufika adhuhuri kurasa tatu zimejaa. La Kristofa lina mbili. Hata kwa makosa nimemshinda.

Baada ya sala ya Ijumaa nikaona bado kuna pahala sipaamini. Nikazitembea zile hatua sita. Nikajipanga! Mimi, nyuma ya mwanamke mwenye kuku. Luka mchukuzi kaniona, kauliza kwa dhihaka, nahodha wetu naye kaja kuandikiwa? Nikamwambia nimekuja kukagua.

Kristofa kasoma kimya. Alama ndogo ndogo za penseli, nyembamba, za kufutika. Ishirini na sita, nilihesabu. Kaniuliza polepole, aliyekufa nani. Nikasema hajafa mtu, bibi kapona. Akasema basi hilo na liwe la kwanza kwenye barua, kwa maneno machache.

Nikamwambia andika wewe, bwana, yaishe. Akakataa.

"Huyo bibi mimi simjui, mzee. Hapa mtoto anapomuosha miguu kila alfajiri, sikugusa kitu."

Nilitaka anicheke. Mtu akikucheka, unajua la kumfanya.

Jumamosi, 10 Novemba. Saa tano, mezani

Nimenakili kwa wino. Ukurasa mmoja. Nikamsomea Mboni kilichoandikwa, kilekile, bila madaha. Hakulia. Kila nukta aliinamisha kichwa. Akaomba nirudie pale pa kuosha miguu. Nikarudia.

Imebaki jina. Sisi wenye meza, mwandishi hutia lake chini kushoto, barua ikisifiwa ajulikane wa kusifiwa. Desturi hiyo niliianzisha mimi, hapahapa, kwa majivuno yangu. Kristofa kaikuta tu.

Mboni kakaa kwenye kigoda cha wateja, sinia miguuni. Ananitazama. Vile anavyonitazama, ningelipa safari nzima ya Bombay kutazamwa hivyo.

"Nilijua utaweza peke yako," kasema.

Peke yangu.

Kule Kristofa kainamia kazi, lakini kalamu yake haiendi. Ana masikio yule. Hatasema neno, namjua. Angekuwa mtu wa kusema, ningemchukia kwa raha zangu, nikatia jina langu na mkia mrefu chini yake.

Nikiandika langu peke yake, sawa, Chiku atakwenda shule vilevile. Nikiandika na la Kristofa, sharti nimsomee, kilekile, na Mboni atageuza shingo. Atatazama kule. Akishatazama kule, nani atamrudisha?

Gari la posta linaondoka saa sita. Nimechovya nibu mara tatu na wino umekauka mara tatu. Nimemwambia subiri kidogo, kisha nikavuta daftari hili la kila siku.

Katulia. Ananipepea nzi kwa ncha ya khanga. Anadhani bado naandika barua.