Mbwa Wangu Anaukimbia Mpira

Kwako Bi Waridi, shikamoo mama, naomba unisaidie, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize ndipo usome tena, maana hapa Rujewa wameshacheka wote na mimi bado sijapata jibu.

Mimi naitwa Malimi Maganga, Msukuma, tulihamia huku Usangu na ng'ombe zetu mwaka wa sabini na mbili, nina mke, Lusia, na mtoto mmoja, Roza, ana miaka minne. Shida yangu ni mbwa. Mbwa mwenyewe ni chotara, mama yake alikuwa mbwa wa kuwindia wa mzungu mmoja mwenye shamba kule Iringa, wale wa masikio marefu yanayoning'inia, na baba yake ni mbwa wa kawaida tu wa Kalenga, sasa mzungu alipoondoka akagawa mbwa zake, na dereva wake wa trekta, Antoni, akaja kufanya kazi huku kwenye mpunga na huyu mmoja akiwa bado mdogo, halafu Antoni naye akahamia kwingine akamwacha anazurura. Ana masikio ya mama, miguu ya baba, na baka jeupe kifuani, ndiyo maana tunamwita Fulana.

Mama, nitasema ukweli wote, maana hata jina langu sijaficha. Huyu mbwa alipoanza kuja kwangu mwaka jana alikula mayai ya kuku, nikawa nampiga mawe, asubuhi mawe, jioni mawe, miezi miwili mizima, na shabaha yangu siyo mbaya, nimechunga tangu utoto. Halafu mwezi wa kwanza mwaka huu Roza akapotea. Lusia alikuwa anapalilia mpunga, mimi niko na ng'ombe, mtoto akaingia kwenye matete kando ya mfereji, tukamtafuta tangu saa nne mpaka jua likaanza kushuka, kijiji kizima, na aliyempata ni Fulana, tulimsikia anabweka mahali pamoja haondoki, tukafuata sauti, tukamkuta mtoto amekaa kwenye tope hatua tatu kutoka kwenye maji na mbwa amesimama kati yake na mfereji. Niliposogea kumchukua mwanangu, mbwa akanikimbia.

Siku hiyo nikatangaza kwamba huyu ni wangu. Anakula kwangu, ugali wake namwekea nyuma ya jiko, lakini hanijii, akiniona anaondoka. Sasa kichaa cha mbwa kimeingia kijiji cha jirani, bwana mifugo akaitisha mkutano akasema atarudi mpunga ukishavunwa, atachanja kila mbwa aliyeshikwa na mwenyewe, na mbwa ambaye hashikiki hesabu yake ni wa porini, atapigwa risasi. Hakusema kwa ubaya, ni kazi yake. Lakini mbwa aliyeniokolea mtoto hawezi kupigwa risasi mbele yangu eti hana mwenyewe. Hilo halitatokea.

Ndipo nikakumbuka Antoni alinisimulia kwamba mzungu wake alikuwa anacheza na mbwa kwa mpira, anatupa, wanaleta, mpaka wakawa wanamjia mkononi bila kuitwa. Nikashona mpira wa matambara, nikaukaza kwa katani. Kila asubuhi ng'ombe zikishatoka zizini namwita Fulana, nainama naokota mpira, namtupia, naye anakimbilia nyuma ya zizi. Nimejaribu kurusha polepole, nimejaribu kurusha kwa nguvu, nimepaka mpira mafuta ya ng'ombe, siku moja nilimrushia nyama yenyewe, mama, nyama, akaikimbia. Watu wanasimama njiani kunitazama. Lusia ananiambia, "Baba Roza, acha bwana, watu wanasema umerukwa na akili." Nikamwambia waache waseme. Nimetupa ule mpira siku thelathini na tisa na nitautupa mpaka siku ya kuvuna, ila naona anayecheza ni mimi, maana ni mimi ninayekwenda kuuleta. Je, huyu mbwa hajui mchezo, au anaumwa, au ni hiyo damu ya kizungu? Nifanye nini?

Ni mimi, Malimi Maganga, Rujewa.

*

Malimi mwanangu, marahaba. Nimecheka, nikamaliza, nikasoma tena kama ulivyoniagiza, na mara ya pili sikucheka.

Kwanza ujue umemwandikia nani. Mimi ni Mwislamu, nimelelewa nyumba ambayo mbwa hakanyagi kizingiti, na sijamshika mbwa tangu nizaliwe. Mhariri alipoiona barua yako aliniuliza tangu lini ukurasa huu unashauri mbwa, akataka kuitia kapuni. Nikamnyang'anya, kwa sababu liko jambo moja la mbwa ninalolijua vizuri sana. Nimewapiga mawe. Tulipokuwa watoto tukienda chuoni kusoma Kurani, kila asubuhi tulipita penye mbwa, na kila asubuhi tuliokota mawe. Mwisho hata kuokota hatukuhitaji. Ukiinama tu, wameshatoweka.

Sasa rudia barua yako mwenyewe. Umeandika, "nainama naokota mpira, namtupia." Mwaka jana uliinama mara ngapi mbele ya mbwa huyo, Malimi, na uliokota nini?

Nisije nikakushauri kwa kubahatisha, wiki iliyopita nilikwenda sokoni, pale penye bucha, wanapolala mbwa watano au sita. Nikasimama mbali nao, nikaangusha leso yangu, nikainama kuichukua. Wote wakakimbia. Mrisho mwenye bucha akaniuliza, "Bi Waridi, wamekukosea nini?"

Mbwa wako haumwi, na hiyo damu ya kizungu usiisingizie. Kwake hakuna mchezo hapo. Siku thelathini na tisa umempiga mawe ya matambara, kwa shabaha ile ile unayojisifia, kisha unashangaa haji kukushukuru. Hata hiyo nyama aliikimbia kwa sababu aliujua mkono ilikotoka. Na eti ulitangaza kwamba ni wako. Ulimtangazia nani? Majirani. Mbwa hakuambiwa.

Lakini mtu anayechekwa na kijiji kizima na bado kesho anatoka na mpira wake, huyo ana kitu ndani yake, na ndiyo maana nakuandikia kirefu. Fanya hivi. Tangu leo usirushe kitu chochote ndani ya ua wako, hata gunzi, hata kuku wakiingia jikoni wafukuze kwa mdomo. Usiiname akiwa anakuona. Asubuhi wahi kuketi chini kabla hajatokea, mgongo ukutani, viganja wazi juu ya magoti aone havina kitu, nawe utazame ng'ombe zako. Usimwite. Mpira ufunge kamba ndefu, mpe Roza aukokote uani, maana mtoto huyo ndiye peke yake hapo kwenu ambaye hajawahi kumdhuru. Lusia awe karibu muda wote, kwani ugonjwa uko jirani na mtoto ni mtoto. Ukiona mbwa amebadilika, anayumba au anatoa udenda, mwondoe Roza na umwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Hapo hakuna huruma.

Siku Fulana atakapounusa mpira, usishangilie, kaa kimya. Siku atakapoung'ata na kuvutana na Roza, ndipo utaomba ushike kamba wewe, umeketi vile vile. Akivutana na wewe, mpapase shingo kidogo kidogo kila siku, ili siku ya sindano shingo hiyo iwe imeuzoea mkono wako. Muda upo. Ulimpiga miezi miwili, na mpunga wako bado una miezi mitatu.

Kisha nenda kwa balozi wako wa nyumba kumi, watoto wa jirani, ambao bila shaka walikuiga, waitwe, waambiwe waache kumpiga mawe Fulana. Usimwachie balozi maneno. Waambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba aliyeanza ni wewe. Itakuwa ngumu kuliko kutupa mpira mbele ya wapita njia, najua, lakini utaifanya.

Mimi nami nimeanza. Mbwa simgusi na sitamgusa, hilo ni la dini yangu. Lakini tangu siku ile nikipita kwa Mrisho napita wima, polepole, mikono nje ya kanga. Siku ya kwanza walikimbia wote, ya pili vile vile, ya tatu vile vile. Jana mmoja, yule mwenye sikio lililochanika, aliinua kichwa, akanitazama mpaka nikapita, akalala tena. Kwa hiyo, Malimi, usije ukaniandikia kwamba haiwezekani.