Kola ya Layla

Jumamosi, 2 Agosti 2025
Muyinga. Layla, mke mwenzangu, kaja kutoka Gitega nimpime nguo ya kuvaa arusini kwa Salama, mpwa wa Othmani, mume wetu. Mume wetu! Mpaka leo sijalizoea neno hilo. Kiuno chake kimepungua tena. Macho makubwa, yanang'aa. Anatokwa jasho na mimi nimevaa sweta! Kafua, kapika, kanifagilia duka la cherehani, hatulii. Othmani anamtazama tu. Eti, Zaituni, muone mwenzako, hata hachoki. Nimemuona. Sina upofu.

Kitu kimoja — shingo. Kiuno kinapungua, shingo inaongezeka. Nimerudia kupima, kweli. Sikusema. Kola nitaikata kwa kipimo cha zamani. Imbane, naye apate kasoro moja.

Jumanne, 5 Agosti
Leo amejaribu nguo. Namwekea pini kifuani, nikahisi moyo wake — mbio, kama cherehani ninapoikanyaga kwa hasira. Na alikuwa amesimama tu! Othmani alikuwa mlangoni. Nikawaza, mapenzi hayo. Wangu haukwenda hivyo hata siku ya ndoa.

Nimeshona mpaka jioni.

Jumapili, 10 Agosti
Layla kaanguka arusini. Mikono ilikuwa inatetemeka, sinia la pilau likamponyoka, akafuata yeye. Othmani akaichana ile kola kwa mikono yake. Kola yangu! Mama mmoja akasema pengine ni mimba. Nikaomba isiwe. Halafu nikaogopa, maana niliomba kwa moyo wote.

Kesho tunampeleka Gitega kwa dokta.

Alhamisi, 14 Agosti
Gitega. Si malaria, si upungufu wa damu, si mimba. Dokta alimuuliza kama viungo vinauma, kama uso unatoka vipele — kuna magonjwa kadhaa ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe na kuukimbiza moyo. Vipimo vikaonyesha wake: ugonjwa wa Basedow. Kinga inaichokoza tezi ya shingoni, tezi inazidisha kazi, mwili wote unaenda mbio. Ndiyo shingo ile. Ile niliyoipima!

Kwa hiyo macho, kiuno, kutochoka — uzuri wote ule ni ugonjwa. Nilicheka peke yangu pale nje, kisha nikalia.

Othmani alikuwa kamshika kifundo cha mkono, anasikiliza mapigo. Mbele yangu. Mimi nilipougua alinitumia machungwa.

Dawa kila siku, muda mrefu. Asipomeza, dokta anasema, moyo unaweza kushindwa na akafa. Othmani kaondoka kwenda Kobero, mpakani, malori ya mahindi yanamsubiri. Akaniambia, "Mi nakuachia yeye. We ndiye mkubwa." Basi nimebaki hapa nyumbani kwa Layla, nalala chini ya chandarua alichonunua Othmani.

Jumatano, 20 Agosti
Nachambua maharage, nakuta vidonge. Vingi! Anavificha humo tangu tutoke kwa dokta. Nikamuuliza. Akanishika mkono, mkono wake wa moto, unatetemeka.

"Dada, ile dawa, ile kompirime, itaninenepesha. Bwana anapenda mi niko hivi. We usimwambie, basi."

Sikumtuma mimi. Sikumnyima kitu. Ni kunyamaza tu, na kunyamaza nakujua — nilinyamaza hata nilipoipima shingo. Yeye anauringia ugonjwa, mimi nauonea wivu. Wajinga wawili nyumba moja!

Othmani kapiga simu. Eti, Layla anameza dawa? Nikasema sikusikii, rezo ya simu mbaya, nikakata. Layla akafurahi, akaniletea chai mwenyewe. Kutoka jikoni mpaka hapa amesimama kupumzika njiani, kashika ukuta. Yule asiyechoka.

Simu inalia tena. Vidonge viko hapa mezani, vina vumbi la maharage. Layla ananitazama, anatikisa kichwa, nisiseme.