Jiwe la Taita Kitandani

Jumanne usiku, Gatwekera

Na bado liko joto. Jiwe langu la Taita, lile la kupelekwa maabara kesho lipimwe umri, nimelikuta kitandani limefungwa leso. Mum alilipasha kwenye jiko la makaa kwa sababu nimekohoa wiki nzima na miguu yangu hulala baridi.

Nilikasirika. Sina lingine, na sijui nitarudi Taita lini.

"Kwani nimeliharibu?" akauliza, akakaa kwenye stuli kama mgeni aliyevunja sahani ya wenyewe.

Hasira ikaniisha. Nikamweleza kwamba jiwe hilo liliiva chini kabisa ya milima ya kale, ambayo mvua imeshaimaliza. Ndani yake mna chembe za zirkoni, madini magumu sana, zilizokua kwenye joto la huko chini, na ndizo zinazotunza umri wake. Jiko letu haliwezi kuzibadilisha.

Akalitazama sana. "Kumbe halikusikia joto letu hata kidogo."

Sasa amelala. Bado nina wasiwasi na majibu ya maabara, lakini kikohozi kimetulia, na jiwe nimelirudisha palepale alipoliweka.

Lenyewe halikusikia. Miguu yangu imesikia.