Salamu kwa Kikwetu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lile liwe limeacha kukusumbua. Mama msalimie sana. Mwambie ninakula vizuri, asiwe na wasiwasi. Mimi sijambo, na kazi yangu ya kupima maji inaendelea.

Ninakuandikia mapema kabla shangazi hajakufikishia habari hizi na chumvi zake. Nilikwenda redioni. Kisima cha mtaa wa chini, wanakokaa watu wa kwetu, tumekikuta kimeingiwa na maji ya choo, na watoto wameshaanza kuharisha. Matangazo tuliyobandika hakuna aliyeyasoma. Mbuzi waliyala, nadhani kwa utamu wa gundi. Basi mkuu wangu akanituma niseme hewani watu wasinywe yale maji.

Mtangazaji, anayejiita Mfalme wa Asubuhi, aliingia studio bado anatafuna. Maelezo niliyompelekea mapema alikuwa ameyawekea kikombe cha kahawa juu yake. Akanitambulisha kuwa mimi ni mcheza ngoma. Nilipomsahihisha akacheka, akaniuliza kama ni kweli watu wa kwetu huvua viatu kabla ya kupanda lifti, kisha akainama kutazama miguu yangu. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya kisima. Akasema visima baadaye, wasikilizaji wanataka kuchangamka. Damu ilinichemka, Baba. Lakini hasira hasara. Nikigombana naye angezima kipaza sauti, na watu wangeendelea kunywa.

Kipindi kikielekea mwisho, akaniomba nisalimie kwa kilugha chetu, watu wacheke kidogo. Nikamwambia haya, kwa furaha. Nikaamkia wakubwa inavyopasa, kisha kwa kikwetu hichohicho nikaeleza yote: kisima kipi, ugonjwa gani, maji yachotwe wapi na yachemshwe vipi. Mfalme alikuwa anapiga meza kwa kicheko huku akiniigiza. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, naye alicheka hadi akasahau kuweka muziki, nami nikamaliza yangu yote.

Sasa Baba, kuna jambo lazima ulisikie kwangu mwenyewe. Siku uliyonisindikiza stendi uliniambia lugha yetu niiache nyumbani, nisije nikachekwa kama ulivyochekwa wewe ulipokuwa kibarua mjini, hadi ukawa unanunua vitu kwa kunyoosha kidole. Nimekuasi, tena mbele ya mji mzima, na sijutii. Nilichekwa, ni kweli. Lakini mchana nilipofika mtaa wa chini nilikuta kina mama wameshamwaga ndoo zao, na kisima wamekifunika kwa mbao na mawe. Pale hapakuwa na wa kucheka. Bibi mmoja alinishika mkono akaniuliza mimi ni binti wa nani, nikalitaja jina lako kwa sauti.

Wasalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Na ukinijibu, Baba, niandikie kwa kikwetu.

Ni mimi binti yako mkaidi,
Mpima Maji