Kiti Mahali Pakavu

Mjukuu wangu Achieng,

Sisi huku Kericho tuko salama. Babu yako bado anakohoa, lakini ng'ombe amezaa na chai sasa ina maziwa.

Uliniuliza kwa nini wafanyakazi wa kiwanda chenu hulalamika wakiwa peke yao, lakini wewe wa ofisini ukiwauliza, wanasema hakuna shida.

Nilipokuwa nachuna majani chai, nyumba zetu za kambi zilikuwa zinavuja. Mzee Koech, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, alibishana na meneja mpaka akakubali kuja kujionea. Meneja alikuja kwangu mvua ikinyesha. Nikaona haya, mgeni atanionaje? Nikavuta pazia kuficha makarai yaliyokinga maji, nikaweka kiti mahali pekee palipokuwa pakavu, nikampa chai. Meneja akashukuru, akasema nyumba ni nzuri, akaenda.

Koech alikuwa amekuja naye. Hakunigombeza. Kambi nzima iliendelea kuvujiwa, na mpaka leo nikimkumbuka nainamisha uso.

Kwa hivyo wakikukaribisha kwao, mama, ingia, kunywa chai yao. Lakini kabla hujakaa, sogeza kiti.

Nyanya yako